Jalada la Mgonjwa Asiyesema: Mwongozo kwa Mbunifu wa Mfumo wa Kompyuta wa Hospitali ya Wanyama ya Chuo

Mtu aliyepewa kazi ya kubuni mfumo wa kompyuta kwa hospitali ya wanyama iliyo ndani ya chuo kikuu aghalabu huanza kwa kuuliza zinatakiwa mashine ngapi, inunuliwe programu gani, na intaneti iwe ya kasi gani. Na maswali hayo, ijapokuwa yana mahali pake, yafaa yatanguliwe na jingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: katika hospitali ile, ni nani anayeandika habari za mgonjwa, ni nani anayeshika dhamana ya kilichoandikwa, na ni nani atakayekuja kujifunza kwa kukisoma? Hospitali ya kawaida ya wanyama ina daktari, mgonjwa na mwenye mali. Hospitali inayofundisha huongeza mtu wa nne, yaani mwanafunzi, ambaye ndiye anayempokea mnyama asubuhi, anayempima joto, anayemhoji mwenyewe na kuyaandika majibu jaladani, ilhali hana mamlaka ya kuandika dawa kwa jina lake wala ya kushika kisu pasipo msimamizi. Mfumo usiomtambua mtu huyu wa nne, au unaomfanya sawa na daktari, au unaoyafuta maandishi yake kila daktari anapoyasahihisha, utaweza kutoza ada na kuhesabu chupa za dawa, walakini hautafundisha; na hospitali ya chuo isiyofundisha imepoteza nusu ya sababu ya kuwako kwake.

Madhali shauri lisilo na mahali halimfai mtu, nitaichukua Morogoro kuwa mfano. Chini ya milima ya Uluguru elimu ya udaktari wa mifugo ilianza kufundishwa mwaka 1976, wakati ule chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha ikawa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa mwaka 1984; na huko Kabete, pembeni mwa Nairobi, elimu hiyo ilikwisha kuwako tangu mwaka 1962. Hospitali iliyo mahali kama Morogoro hujiwa na mbwa wa ulinzi kutoka mjini, ng'ombe wa maziwa kutoka mabanda ya pembezoni, mbuzi na kondoo wa wafugaji wa Mvomero na Kilosa, kuku wa mayai waletwao wawili watatu, mmoja akiwa amekwisha kufa, na punda aliyechunwa mgongo na mizigo. Katika eneo la chuo hicho cha Sokoine shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu. Mtunga programu aliyezoea orodha ya mbwa, paka na wengineo hana budi kuanza upya, kwa maana hapa hao wengineo ndio kazi yenyewe.

Kabla ya kuchora hata skrini moja, omba ruhusa uketi karibu na meza ya mapokezi kwa siku kadhaa, usikilize tu. Utamsikia mwanafunzi akiamkia, "Shikamoo, mzee," na mzee akiitikia, "Marahaba, daktari," maana kwa mleta ng'ombe kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Akiulizwa ng'ombe ni wa nani, mzee atasema, "Wa shemeji yangu, yuko Dodoma. Mimi nimeachiwa nimtunze." Akiulizwa umri, atajibu kuwa alizaliwa mwaka ule wa mvua kubwa. Akiulizwa tangu lini ameacha kula, atageuka amtazame kijana mchungaji aliyesimama nyuma yake, kwani huyo ndiye ajuaye, naye hakuna aliyemwuliza.

Mazungumzo hayo mafupi yamebeba takriban kanuni zote za ukurasa wa kwanza wa mfumo wako. Mwenye mali, mleta mnyama, mtoa habari na mlipaji wanaweza kuwa watu wanne mbalimbali, na kila mmoja apewe nafasi yake, hata kama mara nyingi nafasi zote zitajazwa jina moja. Usiwachanganye, kwa sababu ipo siku daktari atataka ridhaa ya kumpasua mnyama, au ya kumwua kwa sindano ili kumwondolea mateso, na siku hiyo ni lazima jalada liseme bila shaka yoyote ni nani mwenye kauli na ni namba gani ya simu ya kumpatia. Kadhalika, usimlazimishe mwanafunzi kuandika tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana, kwani skrini inayokataa kuendelea mpaka ipewe tarehe humfundisha kijana kubuni, naye akizoea kubuni tarehe hatachelewa kubuni joto la mwili. Weka mahali pa umri wa kukadiriwa, na karibu yake mahali pa kueleza umekadiriwa kwa njia gani, kama ni kwa meno, kwa maelezo ya mwenyewe au kwa kadi ya chanjo.

Suala la kumtambua mnyama lataka subira. Mgonjwa binadamu hulitaja jina lake; ng'ombe hutajwa kwa rangi, kwa chapa, kwa mkato wa sikio, na ng'ombe wawili wa rangi moja wanaweza kuingia zizini mwako siku moja kutoka boma moja. Tanzania ilitunga mwaka 2010 sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na hereni za masikioni ni jambo linalojulikana kwa wafugaji. Walakini hereni hukatika, huporomoka na pengine huhamishwa. Kwa hiyo kila mnyama apewe namba ya hospitali isiyobadilika maisha yake yote, nayo hereni, chipu, chapa na picha ya simu viwe alama za kumtambulisha, kila moja ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kukoma kutumika. Chipu zinazofuata kanuni ya kimataifa ya ISO 11784 zina tarakimu 15, na tatu za mwanzo huonyesha ama nchi, kama 834 kwa Tanzania na 404 kwa Kenya, ama mtengenezaji, ambapo huanza na 9. Zihifadhi kama maandishi, wala usizihifadhi kama hesabu, kwa kuwa majedwali ya kompyuta hupenda kuzifupisha tarakimu nyingi, na sifuri ya mbele, kama ile ya 072 ambayo ni namba ya Botswana, hupotea pasipo mtu kujua.

Tena, si kila mgonjwa ni mnyama mmoja. Mfugaji wa kuku 400 aletaye mizoga mitatu hakuja kutibiwa hao watatu. Amekuja kuuliza habari za banda zima. Mfumo uruhusu jalada la kundi, lenye idadi ya walio hai, walio wagonjwa na waliokufa kwa kila siku, na uruhusu mnyama mmoja atolewe katika kundi apate jalada lake mwenyewe huku fungamano lake na kundi likibaki. Jambo hili likisahauliwa mwanzoni ni ghali mno kulirekebisha baadaye, maana linagusa mizizi ya hifadhidata nzima.

Sasa nifike kwenye jalada lenyewe, ambalo ndilo kiini cha mas'ala haya. Mwaka 1968 daktari wa Marekani aitwaye Lawrence Weed alichapisha hoja ya kwamba kumbukumbu za mgonjwa zipangwe kwa matatizo yake, na kila maandishi ya siku yawe na sehemu nne: anayoyasema mgonjwa, yale ambayo daktari ameyaona na kuyapima, hukumu aliyoifikia, na mpango wa kufanya. Muradi wake ulikuwa jalada limwonyeshe msomaji jinsi mwandishi alivyofikiri, ili aweze kukaguliwa na kufunzwa. Vyuo vya udaktari wa wanyama viliupokea mpangilio huo na hadi leo huufundisha, na kwa hospitali yetu una faida ya ziada: sehemu ya kwanza, kwa kuwa mgonjwa hasemi, ni maneno ya mwenye mnyama, na kuyatenga maneno hayo na yale yaliyoonekana kwa macho ya mchunguzi ni somo la kwanza la utabibu wa wanyama. Jenga skrini yako juu ya sehemu hizo nne, na sehemu ya maneno ya mwenyewe iandikwe kwa lugha aliyoyasemea.

Juu ya msingi huo weka sharti moja lisilolegezwa: andiko la mwanafunzi likishawasilishwa halifutwi na mtu yeyote. Tuseme mwanafunzi amemchunguza mtamba, akaona ufizi umepauka na kinyesi ni kikavu, akahukumu kuwa ni ndigana baridi. Daktari akapita, akapapasa chini ya sikio, akakuta tezi imevimba, akasikiliza mapafu, akaagiza tezi itobolewe kwa sindano na majimaji yake yatazamwe kwa hadubini, na jioni maabara ikathibitisha ndigana kali. Mfumo wa kawaida ungemruhusu daktari abadilishe neno moja, na kesho yake jalada lingesomeka kana kwamba kila mtu alijua tangu asubuhi. Mfumo wa hospitali ya chuo sharti uonyeshe hukumu ya mwanafunzi na saa yake, hukumu ya daktari na saa yake, na sababu iliyowatenganisha, hata iwe kwa maneno machache tu: "Hukupapasa tezi." Mwanafunzi huyo hatasahau tezi tena, na wa mwaka ujao atakayelisoma jalada hilo atajifunza kwa taksiri ya mwenziwe bila ya mtamba mwingine kuponzeka.

Kwa hiyo kila andiko liwe na hali zake: rasimu, limewasilishwa, limeidhinishwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka usajili wa madaktari wa mifugo chini ya baraza lao, na saini ya idhini iwe ya daktari aliyesajiliwa, namba yake ya usajili ikiwa imefungamanishwa na akaunti yake. Hata hivyo tahadhari usiifanye idhini kuwa kizuizi cha uhai. Saa nane za usiku, mbuzi akiwa amejaa gesi na ubavu wa kushoto umetuna, daktari atasema kwa simu, "Mtoboe, nakuja," wala hapana kitufe kinachostahili kungojwa. Weka mahali pa agizo la mdomo, lenye jina la aliyeagiza, jina la aliyelisikia na saa, kisha mfumo umkumbushe daktari kuliidhinisha asubuhi, na uendelee kumkumbusha mpaka aliidhinishe.

Jalada lisifungwe kwa kifo. Katika hospitali ya chuo mzoga hupelekwa kuchunguzwa, na matokeo ya uchunguzi huo ndiyo mwalimu mkali kuliko wote, lakini mara nyingi hutoka baada ya mwanafunzi aliyemtibu mnyama kuhamia kitengo kingine, na hivyo hamfikii. Kompyuta ina uwezo wa kuondoa hasara hiyo kwa urahisi: taarifa ya mzoga ikisainiwa, itumwe kwa kila mtu aliyewahi kuandika katika jalada hilo, popote alipo chuoni, hukumu yake ya awali ikiwekwa ubavuni. Na katika orodha ya namna ugonjwa ulivyomalizika, usiweke kupona na kufa peke yake. Wanyama huchinjwa kwa sababu ya gharama, huuzwa, huchukuliwa na wenyewe kabla ya wakati, huuawa kwa huruma. Na mwanafunzi atakayehesabu waliopona bila kuwatenga waliochinjwa atapata hesabu isiyo na maana.

Katika dawa, kompyuta ikae kama msimamizi aliye nyuma ya bega. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, hutolewa kwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na ile ya nguvu ya miligramu 50 kwa mililita humaanisha mililita 1 kwa kilo 20; basi ng'ombe wa kilo 300 atapata mililita 15. Programu inaweza kutoa jibu hilo papo hapo, na hapo ndipo penye hatari kwa mwanafunzi, ambaye kesho atakuwa peke yake kijijini, simu imezimika chaji, na chupa mkononi. Shauri langu ni kwamba akaunti ya mwanafunzi imtake aandike hesabu yake kwanza, ndipo mfumo uikague: ikiwa sahihi upite kimya, ikiwa imepotoka usimamishe, ueleze imepotoka kwa kiasi gani, na dawa isitoke mpaka daktari aidhinishe. Akaunti ya daktari ihesabiwe moja kwa moja. Tena karibu na uzito uandikwe jinsi uzito huo ulivyopatikana, kwa mizani, kwa utepe wa kifuani, au kwa kukisia, kwa maana kipimo chote cha dawa husimama juu ya tarakimu hiyo, na aliyekisia kilo 250 kwa ng'ombe wa 300 amempunguzia mililita mbili na nusu.

Makatazo yaliyo thabiti yaingizwe tangu siku ya kwanza. Paka hapewi parasetamoli, wala hapakwi permethrini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Baadhi ya mbwa wa jamii ya Collie hudhuriwa na ivermektini kwa sababu ya kasoro ya kurithi. Maonyo yawe machache na yenye uzito, maana skrini inayopiga kelele kwa kila dawa huzoewa, na onyo lililozoeleka halisomwi. Kwa wanyama wa kuliwa na wa kukamwa, kila dawa ina siku ambazo maziwa na nyama havifai kuuzwa wala kuliwa, na siku hizo hutofautiana kwa dawa na hata kwa mtengenezaji. Ziingizwe kutoka kibandiko cha dawa iliyomo ghalani hasa. Mfumo uzihesabu wenyewe, kisha uchapishe karatasi ya kumpa mfugaji, kwa Kiswahili kinyoofu na herufi kubwa, isemayo maziwa ya ng'ombe fulani yasiuzwe mpaka tarehe fulani, ikitaja tarehe yenyewe, kwani idadi ya siku humwachia mama mkamuaji kazi ya kuhesabu. Ni karatasi ndogo, lakini inalinda watoto wa nyumba nyingi.

Yapo magonjwa mawili yanayostahili kupewa ulinzi maalumu katika ubunifu. La kwanza ni kimeta. Mzoga wa mnyama anayeshukiwa kufa kwa kimeta haupasuliwi, kwa sababu hewa huwapa vijidudu vyake nafasi ya kujigeuza kuwa mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi, na apasuaye hujitia mautini. Basi fomu ya kuomba uchunguzi wa mzoga ianze kwa kuuliza: je, alikufa ghafula? Je, damu imetoka puani, mdomoni au nyuma? Je, mzoga haukukakamaa? Jibu la ndiyo liifunge fomu, liamuru damu kidogo ya sikioni ipakwe juu ya kioo na kutazamwa kwanza, na limpigie mkuu wa kitengo. Huku ndiko kufundisha hasa, kwani mwanafunzi hukutana na kanuni pale pale anapoihitaji. La pili ni kichaa cha mbwa, ambapo jalada la mnyama halina budi kubeba majina ya watu: walioumwa, waliorambwa mate juu ya kidonda, na wanafunzi waliomshika. Mbwa aliyeuma mtu na bado yuko hai huangaliwa siku 10, na mfumo uzihesabu siku hizo na kumtaka mtu atie neno kila siku. Taarifa za magonjwa ya namna hii hupaswa kufika serikalini. Na Morogoro kuna hazina iliyo karibu, maana kituo cha SACIDS kilichopo chuoni hapo ndicho kilichounda AfyaData, programu ya simu ya kukusanya habari za magonjwa ya watu na wanyama kutoka vijijini. Panga tangu awali jinsi mfumo wako utakavyozungumza na vyombo vilivyopo.

Mintarafu majina ya magonjwa, utashawishika kuingiza kamusi kubwa ya kimataifa yenye maelfu ya maneno. Wazo la kupanga majina ili hospitali nyingi zilinganishe kumbukumbu zao ni la kale: hospitali za vyuo vya wanyama vya Amerika ya Kaskazini zilianza kukusanya mihutasari ya majalada yao katika hifadhi moja mwaka 1964, na kutoka humo watafiti wamechuma elimu nyingi juu ya saratani na maradhi mengine. Fuata wazo hilo, lakini anza na orodha fupi ya magonjwa yanayoonekana kweli hospitalini kwako, kila moja likiwa na msimbo wa kuliunganisha baadaye na SNOMED, ambayo ni kamusi ya namna hiyo, na majina yake yote yanayotumika, la kitabuni na la mfugaji, yakielekea mahali pamoja. Na neno "haijulikani" liwe la kwanza katika orodha, lenye heshima sawa na mengine. Ugonjwa unaodhaniwa, uliothibitishwa na maabara, na ulioonekana kwenye mzoga ni daraja tatu, nazo zitengwe.

Kuhusu maabara na picha za eksirei sitakawia. Chagua mashine za picha zinazotumia kanuni ya DICOM, ambayo ina nafasi ya spishi, ya mbari na ya mtu mwenye dhamana juu ya mnyama, na uhakikishe muuzaji anazitumia nafasi hizo, asirundike jina la mbwa na la mwenyewe katika kisanduku kimoja.

Fedha ni habari nyingine. Chuo cha umma Tanzania hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo itolewayo na mfumo wa serikali, na mteja hulipa kwa simu au benki. Mfumo wako uombe namba hiyo wenyewe na upokee habari ya kulipwa wenyewe, ili mfugaji asizungushwe kati ya dirisha na dirisha huku ndama wake anahema. Makadirio ya gharama yatolewe kabla ya matibabu na kuwekwa jaladani, tena yaonekane kwa mwanafunzi, ambaye aghalabu humaliza miaka mitano ya masomo akijua bei ya vitabu kuliko bei ya kumpasua ng'ombe, ilhali uamuzi wa mfugaji hutegemea bei hiyo. Na dharura itibiwe kwanza, mfumo usiwe na uwezo wa kuizuia kwa sababu ya deni.

Gari la hospitali litokalo kwenda vijijini hufika pasipo mtandao. Simu au kishikwambi kinachobebwa kifanye kazi yote bila intaneti, kihifadhi ndani yake, kisha kipeleke habari kirudipo. Mambo mawili huharibu kazi hii yasipoangaliwa. Namba za majalada zisitolewe na simu mbili kutoka mfululizo mmoja, maana zitagongana. Kila kifaa kijitungie kitambulisho kirefu kisichoweza kujirudia, na namba fupi ya kusomwa na watu itolewe habari zikifika hospitalini. Na saa ya simu huweza kuwa si sahihi, hivyo iandikwe saa ya tendo na, mbali nayo, saa habari ilipopokelewa. Zaidi ya hapo vitufe viwe vikubwa, vya kubonyezeka kwa kidole chenye glovu, na kifaa kiwe cha kustahimili kuoshwa, kwa sababu kitaingia zizini.

Seva kuu iwe hospitalini, yenye betri za akiba na kinga ya radi, ili umeme au intaneti ya nje ikikatika wodi ziendelee kusoma majalada. Nakala zake ziwe katika majengo mawili mengine, mojawapo nje ya mji. Kila muhula chukua nakala moja, uirejeshe katika mashine tupu mbele ya mkuu wa hospitali, mfungue pamoja jalada la juzi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu. Na fomu za karatasi zenye namba zilizochapwa tayari ziwepo katika kila chumba, kwa siku ambayo vyote vitazima.

Katika hifadhi ya siri, hadhari kubwa iwe juu ya akaunti. Wanafunzi huja na kuondoka kwa zamu za majuma machache, na pale ambapo kuingia katika mfumo kwachukua dakika nzima, wote watatumia akaunti ya aliyewahi kuingia asubuhi, na mfumo mzima wa kujua nani aliandika nini utakuwa umevunjika. Wape kadi ya kugusisha au namba fupi ya siri, kuingia kuwe kwa sekunde chache, na akaunti ifungwe yenyewe zamu ikiisha, bali haki ya kuyasoma maandishi yake ya zamani ibaki. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na ingawa mbuzi hana haki katika sheria hizo, mwenyewe anazo: jina, simu na mahali akaapo. Jalada linapotolewa kufundishiwa darasani, habari hizo ziondolewe na mfumo, kazi hiyo isiachiwe mkono wa mtu.

Utaulizwa kama ni bora kununua, kuazima au kujenga. Programu za kununua nyingi zimetungwa kwa zahanati za mbwa na paka za mijini ng'ambo. Zinajua ankara na miadi, hazimjui mwanafunzi wala kundi. OpenMRS, mfumo wa wazi ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 kwa wagonjwa binadamu, una jamii kubwa ya mafundi katika Afrika ya Mashariki, na waweza kuwa msingi mzuri kwa mwenye subira ya kuongeza wamiliki, makundi na spishi. Mimi naelekea kujenga juu ya msingi wa wazi, kwa sharti kwamba mafundi wasiopungua wawili walioajiriwa na chuo waijue kazi yote, na maelezo yake yaandikwe na kuhifadhiwa chuoni. Mfumo ulio ndani ya kompyuta ya mtu mmoja huondoka naye.

Anza na kitengo kimoja, mbwa na paka wafaa, kwa kuwa huja wenyewe mlangoni na idadi yao yabebeka. Ng'ombe na safari za vijijini vifuate muhula ujao. Usianze juma la mitihani wala juma wanafunzi wanapobadilishana zamu. Karatasi na kompyuta ziende sambamba kwa muda mfupi uliotangazwa tarehe yake ya mwisho, kwani watu wakiruhusiwa kuandika mara mbili bila kikomo wataandika vizuri mahali pamoja tu, napo ni penye karatasi. Majalada ya zamani yaliyojaa kabatini usiyaajirie watu wa kuyachapa yote. Mengi ni ya wanyama waliokwisha kufa. Mnyama wa zamani arudipo, jalada lake litolewe, lipigwe picha kurasa zote, na mwanafunzi wa zamu ahamishe kwa mkono mambo machache yanayohitajika leo: chanjo, dawa zilizomdhuru, upasuaji, uzito wa mwisho na jinsi ulivyopimwa. Daktari aidhinishe, namba ya zamani iandikwe katika jalada jipya, nayo namba mpya iandikwe kwa wino juu ya jalada la karatasi.